Variesheni za Carmen za Horowitz: kwa nini hakuzichapisha, na wanaozipiga leo wanapiga toleo gani?

#1 Noti_Nyeusi
Wakuu salaam.

Naleta hoja. Mpiga piano Vladimir Horowitz alizipiga Variesheni za Carmen (wimbo mmoja wa opera ya Carmen ya Georges Bizet, aliourudia kwa piano kwa mapambo tofauti) tangu miaka ya 1920 hadi tarehe 26 Februari 1978, alipozifungia onyesho lake Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Jimmy Carter. Nusu karne nzima, na hakuchapisha ukurasa hata mmoja. Kuna rekodi ya 1928, ya 1947, ya 1957, ile ya televisheni ya 1968, na hiyo ya Ikulu. Hakuna mbili zinazolingana noti kwa noti.

Karatasi zote zinazozunguka mtandaoni ni kazi ya watu waliokaa na rekodi wakaandika kwa sikio. Sasa anayesema "napiga Carmen ya Horowitz" anapiga ya mwaka gani?

Msimamo wangu: alizificha makusudi. Ilikuwa silaha yake ya kufungia onyesho, na silaha huigawi kwa washindani. Karibuni mnipinge.

#2 Mzee wa Besi
Naweka kiti. Ila kwanza, hii ndiyo ile ya mpiganaji ng'ombe? Tan-tan-ta-ra?

#3 Funguo88
@Mzee wa Besi hapana, na wala siyo Habanera, ule wimbo mwingine maarufu wa Carmen. Ni wimbo unaofungua tendo la pili la opera, "Chanson bohème", ndani ya baa ya Lillas Pastia. Carmen anaimba, wenzake Frasquita na Mercédès wanadakia kwenye kiitikio cha "tra la la".

Ni muhimu kuujua wimbo wenyewe kabla ya kumjadili Horowitz. Bizet ameuanza kimya kabisa: filimbi mbili zinatembea sambamba, kinubi na nyuzi za kudonoa chini yake. Beti ni tatu, kila moja ina kasi kuliko iliyotangulia, na okestra inazidi kujazwa. Beti iko E mainor, kiitikio kinafunguka kwenda E meja. Mwisho hakuna tena kuimba, ni ngoma tu inayokimbia.

Maana yake Bizet mwenyewe ameshafanya nusu ya kazi ya variesheni: wimbo uleule, mara tatu, nguo tofauti, mwendo unapanda. Horowitz alichukua mteremko uliokuwepo akaondoa breki.

#4 Kisugudi
Nakazia #3. Na Habanera nayo si wimbo wa Bizet wa asili. Aliuchukua kwenye "El Arreglito" ya Sebastián Yradier akidhani ni wimbo wa mitaani usio na mwenyewe, akaja kuambiwa baadaye ikabidi jina litajwe kwenye nota. Kwa hiyo opera hii ina historia ya watu kuchukuliana tangu mwanzo.

#5 Mwana wa Pwani
Mtoa mada, maelezo mepesi zaidi: hakimiliki. Wimbo ni wa Bizet. Horowitz angechapisha, warithi wa Bizet na mchapishaji wa Paris wangemdai.

#6 Bi Solfa
@Mwana wa Pwani hiyo haisimami. Carmen ilionyeshwa mara ya kwanza Opéra-Comique, Paris, tarehe 3 Machi 1875, na nota zikachapishwa mwaka huohuo. Marekani haikuwa inalinda kazi za wageni kabla ya sheria ya 1891. Horowitz aliishi Marekani, mchapishaji wa New York asingemwogopa mtu.

Halafu angalia waliochapisha bila shida: Pablo de Sarasate na Fantasia yake ya violini, opus 25, ambayo inafungwa na wimbo huuhuu wa Chanson bohème. Busoni na Sonatina yake ya sita ya 1920. Na Moritz Moszkowski, mtunzi na mpiga piano, ambaye alitengeneza toleo lake la piano la Chanson bohème likachapishwa.

Huyo Moszkowski ndiye mnapaswa kumjadili. Horowitz alimjua vizuri, alirekodi etyudi zake (vipande vya mazoezi) na "Étincelles". Weka toleo la Moszkowski na la Horowitz kando kwa kando, utasikia hewa ileile: sauti kavu, donoadonoa, noti mbili-mbili nyepesi kule juu. Pengine hakuchapisha kwa sababu angeulizwa kipi ni chake.

#7 Noti_Nyeusi
Bi Solfa umetupa bomu. Lakini kama ni hivyo, kila mtu alimwiga mwenzake enzi zile. Liszt alichukua kwa Thalberg, Thalberg akachukua kwa mpiga kinubi Parish Alvars. Haikuwa aibu.

#8 Mzee wa Besi
Thalberg ndiye nani tena? Uzi unapanda mlima.

#9 Funguo88
Sigismond Thalberg, mpiga piano wa karne ya 19, mshindani wa Liszt. Yeye ndiye aliyeeneza ile mbinu ya "mikono mitatu": wimbo unapigwa katikati ya piano kwa vidole gumba, kulia na kushoto wakipokezana, huku vidole vingine vikimwaga noti juu na chini. Pedali inashikilia wimbo wakati kidole gumba kimeshaondoka. Msikilizaji anahisi kuna mtu wa pili amekaa kwenye benchi.

Tarehe 31 Machi 1837, kwenye ukumbi wa Binti Mfalme Belgiojoso huko Paris, Thalberg alipiga fantasia yake ya Musa kutoka opera ya Rossini, na Liszt akajibu na ya Niobe kutoka opera ya Pacini. Kwa hafla hiyohiyo Belgiojoso aliagiza "Hexaméron": variesheni za wanamuziki sita juu ya machi ya Bellini kutoka I Puritani. Liszt, Thalberg, Pixis, Herz, Czerny na Chopin. Haikuwahi siku. Chopin ndiye aliyeandika ya polepole, wenzake wote wanafukuzana yeye anapumua.

Carmen ya Horowitz ni mtoto wa mwisho wa ukoo huo. Isipokuwa Liszt na Thalberg walichapisha fantasia zao, maana nota nazo zililipa. Horowitz alilipwa na santuri. Hapo ndipo jibu langu lilipo: hakuhitaji karatasi.

#10 Kisugudi
Umeeleza vizuri, lakini hujajibu kwa nini alibadilisha kila mara. Anayetegemea santuri angebaki na kitu kimoja ambacho watu wanakijua.

Mimi natazama upande wa santuri yenyewe. Santuri ya mizunguko 78, inchi 10, upande mmoja ulibeba dakika 3 hivi. Ya inchi 12 dakika 4 na kidogo. Huwezi kuchezea hapo. Kipande kilizaliwa kifupi kwa sababu ya nafasi, halafu kila alipoingia studio mpya akapanga upya.

#11 Bi Solfa
Nafasi ilipopanuka hakuijaza, mkuu. Kwenye LP (santuri ya muda mrefu) una dakika 20 na zaidi kwa upande mmoja, na bado Carmen yake ya 1957 na 1968 inabaki kwenye dakika tatu na nusu hivi. Nafasi inaeleza 1928. Haielezi 1968.

#12 Waya_na_Nyundo
Mnabishana historia, mimi niseme kinachotokea chini ya vidole. Huko nako kuna sehemu ya jibu.

Tufanye hesabu. Chukua mwendo wa mapigo 152 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo. Ni noti 608 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde. Ukipiga oktavi (noti mbili za jina moja, ya chini na ya juu, kwa pamoja) kwa mkono mmoja kwa kasi hiyo, kigasha kinajifunga kabla ya ukurasa kuisha. Horowitz hakufanya hivyo. Alitumia oktavi za kupishana: mkono wa kulia noti moja, wa kushoto inayofuata. Kila mkono unapiga mara 5 tu kwa sekunde. Sikio linasikia 10.

Siri yake ni vidole gumba. Gumba la kulia na gumba la kushoto ndivyo vinavyotembea na wimbo, vimekaa karibu, kimoja juu ya kingine. Vidole vya mwisho vinafuata tu. Utaratibu wa kufanyia mazoezi:

Kwanza gumba kwa gumba peke yake, bila oktavi, mpaka isikike kama mkono mmoja. Ukisikia "taka-taka-taka" yenye kilema, mkono mmoja (kwa wengi wa kushoto) ni mzito. Kisha ongeza kidole cha mwisho cha kulia tu. Kisha cha kushoto tu. Ndipo vyote. Amua mapema mkono upi unakaa ndani ya vitufe na upi unakaa ukingoni, la sivyo vitagongana kwenye vitufe vyeusi.

Kosa kubwa: watu wanainua mikono juu ili waonekane. Kila sentimita unayopanda lazima uishuke.

#13 Mwana wa Pwani
@Waya_na_Nyundo na zile noti za kurudiarudia kitufe kimoja? Piano ya kusimama inagoma kabisa. Noti ya tatu haitoki.

#14 Waya_na_Nyundo
Haigomi, imefika mwisho wa uwezo wake. Piano ya kulala ina mtambo wa kurudisha nyundo mara mbili, ule uliobuniwa na Érard mwaka 1821: nyundo ikishapiga waya inakamatwa karibu, na kitufe kinaweza kupiga tena kabla hakijapanda mpaka juu. Piano ya kusimama haina. Lazima kitufe kirudi karibu hadi juu ndipo mtambo ujipange upya. Kitufe kina safari ya milimita 10 hivi kwenda chini. Kwenye piano ya kusimama unailipa karibu yote kila noti.

Kwa hiyo kwenye ya kusimama: kaa juu ya kitufe, usibonyeze mpaka sakafuni, na punguza mwendo. Ukilazimisha, nyundo itacheza ikiwa nusu njia na noti itapotea.

Kuhusu vidole, wengi wanabadilisha 3-2-1, 3-2-1. Kwenye vikundi vya noti nne utaratibu huo unahamisha mkazo: mara gumba linaangukia mwanzo wa pigo, mara kidole cha kati. Tumia 4-3-2-1 kwa kila pigo, mkazo utakaa mahali pake.

Na kama uko pwani kweli, kagua unyevu kwanza. Kitambaa cha ndani ya tundu la kitufe kikinyonya unyevu kinavimba, kitufe kinapanda kivivu. Chomoa kitufe, banabana kitambaa kwa koleo maalumu la kazi hiyo, kidogo-kidogo. USIMWAGE MAFUTA. Mafuta yanavutia vumbi, kitambaa kinazidi kuvimba, na baada ya hapo hata fundi anakukimbia. Chumba kikikaa kwenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60 piano inatulia.

#15 Daladala_ya_Mwisho
Nilikuja kusoma habari za Carmen, naondoka na elimu ya koleo. JamiiForums ya muziki hii.

Swali: kinanda cha umeme je? Cha kanisani kile.

#16 Waya_na_Nyundo
Tazama idadi ya vihisio. Vyenye vihisio viwili kwa kitufe vinatenda kama piano ya kusimama, lazima kitufe kipande. Vyenye vitatu vinakubali noti kurudiwa kitufe kikiwa nusu njia. Vile vya vitufe vyepesi visivyo na uzito wa nyundo vitakudanganya: utarudia noti haraka, lakini hutajifunza kupiga kimya kwa kasi, na kupiga kimya ndiyo kazi yenyewe.

#17 Bi Solfa
Hapo kwenye kimya nakuunga mkono kwa mikono miwili. Wengi wanaoharibu kipande hiki wanakiharibu kwenye ukurasa wa kwanza. Wanaanza kwa nguvu kwa sababu wameshasikia mwisho wake. Rudi kwa Bizet: filimbi mbili na kinubi. Zile noti mbili-mbili za mwanzo zinatakiwa zitoke kama pumzi, fupi, bila pedali au kwa pedali ya kugusa tu. Ukifika katikati umeshatumia sauti yako yote, dakika ya mwisho huna pa kupanda. Utaongeza kasi kufidia, na kasi itakutupa.

Horowitz kwenye ile ya 1968 amekaa chini ya nguvu yake karibu theluthi mbili za kipande.

#18 Noti_Nyeusi
Ya 1968 nayo ina faida moja ambayo hakuna rekodi nyingine ya mwanzo inayo: picha. Televisheni ya CBS waliirusha tarehe 22 Septemba 1968, imepigwa Carnegie Hall, na kamera inaonyesha mikono. Kwa hiyo wanaoandika kwa sikio wanaweza kuona noti ipi ni ya mkono upi. Kwenye ya 1928 unabahatisha.

#19 Kisugudi
Kuonyesha mikono ni faida na hasara. Watu wanaona vidole vimelala bapa, kifundo cha mkono kiko chini ya usawa wa vitufe, kidole cha mwisho kimejikunja mpaka kiitwe kazini, wanaiga umbo. Mwisho maumivu ya kifundo.

Umbo lile lilikuwa na sababu zake. Alikaa kiti cha chini, vidole virefu, na piano yake. Hiyo Steinway namba CD 503 ilirekebishwa iwe nyepesi kuguswa na irudishe vitufe haraka, nyundo zimefanywa ngumu zitoe sauti kali. Franz Mohr, fundi mkuu wa Steinway New York, ndiye aliyeitunza kwa miaka mingi. Mguso mdogo unatoa mlio mkubwa. Piano ya kawaida inataka gramu 50 hivi kuanza kushusha kitufe. Ukiiga vidole bapa kwenye piano nzito, nusu ya noti hazitatoka.

Na hii inagusa swali la mtoa mada. Inawezekana hakuandika kwa sababu nusu ya kipande iko kwenye chombo. Kwenye piano nyingine noti zilezile zisingekuwa na maana ileile.

#20 Funguo88
@Kisugudi naipenda hoja, siinunui. Rekodi za miaka ya 1920 hazikupigwa kwa CD 503, na kuna roli za piano za enzi hizohizo. Kipande kilikuwepo kabla ya chombo.

#21 Bi Solfa
Roli msizitumie kupimia kasi, tafadhali. Roli ni karatasi yenye matundu, wahariri walikuwa wanaziba na kutoboa baada ya mpigaji kwenda nyumbani. Na mwendo unategemea mashine inayoizungusha leo. Kwa noti sawa, kwa kasi hapana.

Hata santuri zina mtego. Kasi ikizidi kwa asilimia 6, sauti inapanda nusu toni nzima. Kabla hujasema "1928 alikuwa na kasi kuliko 1947", linganisha na uma wa sauti kwanza. Nusu ya mabishano ya mtandaoni kuhusu nani mwepesi yanatokana na aliyepakia video, si mpiga piano.

#22 Mwana wa Pwani
Basi anayetaka kuandika kwa sikio aanzie wapi?

#23 Funguo88
Anza na besi, usianze na juu. Besi ndiyo inakwambia uko kodi gani (kundi la noti zinazolia pamoja), na ukijua kodi, noti za juu zinapungua kutoka kumi na mbili zinazowezekana hadi tatu au nne. Punguza mwendo kwa programu inayoacha sauti mahali pake. Kisha sikiliza sehemu hiyohiyo kwa nusu mwendo huku sauti ikishuka oktavi moja: noti za juu sana, ambazo kwa kawaida ni kelele, zinashuka eneo ambalo sikio linazipambanua.

Weka toleo lako karibu na nota ya piano ya Bizet. Pale wanapotofautiana ndipo pa kuchunguza. Na usiandike kisichoweza kufikiwa: oktavi moja ya vitufe vyeupe ni sentimita 16.5, oktavi mbili 33. Ukiona umeandika noti tatu kwa mkono mmoja zenye upana wa oktavi mbili kwa wakati mmoja, noti moja ni ya mkono mwingine, au ni mwangwi wa waya.

#24 Daladala_ya_Mwisho
Kwenye miruko ya mkono wa kushoto, wapi pa kutazama? Macho ni mawili na yote yanaangalia upande mmoja.

#25 Waya_na_Nyundo
Tazama kushoto. Mkono wa kulia kwenye sehemu hizo unakaa eneo dogo, utajitegemea. Zoezi: ruka haraka kuliko inavyohitajika, simama JUU ya kitufe bila kupiga, hakikisha, ndipo bonyeza. Mkono unajifunza kufika mapema. Anayeruka na kupiga kwa tendo moja anapiga jirani ya noti.

#26 Noti_Nyeusi
Turudi kwenye mada, nimeona hakuna aliyegusa umri. 1928 ana miaka 24. 1978 ana 74. Mabadiliko mengine ni mwili tu. Sehemu iliyoanza kuchosha inabadilishwa, sehemu nyingine inaongezwa kelele ili wasikilizaji wasigundue.

#27 Bi Solfa
Sikiliza tena ya 1947 na 1968. Ameongeza ugumu mahali fulani, hajapunguza. Mzee anayejihurumia hafanyi hivyo. Mimi nasema alichoshwa nacho. Mtu akilazimishwa kupiga kitu kimoja maisha yake yote kwa sababu watu hawataki kuondoka bila kukisikia, anakibadilisha ili asilale.

#28 Kisugudi
Au hakuwahi kukifikiria kama kitu kilichokamilika. "The Stars and Stripes Forever" ya Sousa nayo aliipanga kwa ajili ya piano, hakuichapisha. Machi ya Harusi ya Mendelssohn vilevile. Ni tabia, si siri ya Carmen peke yake. Hoja ya silaha ya @Noti_Nyeusi ingekuwa na nguvu kama angeficha moja tu.

#29 Noti_Nyeusi
Aliyeficha zote ameficha na hiyo moja pia. Sijashindwa.

#30 Mzee wa Besi
Nimezisikiliza zote nikisoma uzi. Na leo wanaoipiga? Mpiga piano Arcadi Volodos aliirekodi kwenye diski yake ya 1997, mwenzake Yuja Wang huipiga kama nyongeza ya onyesho. Wao wana karatasi gani?

#31 Funguo88
Ukisikiliza kwa makini, kila mmoja ana chake. Kuna vipande vya 1968, na mapambo yao wenyewe. Kwa maoni yangu ndivyo inavyotakiwa. Ukipiga noti kwa noti toleo la 1968 unahifadhi jambo moja alilofanya jioni moja.

#32 Bi Solfa
Sikubali. Anayejifunza aanze na toleo moja, alimalize lilivyo, ndipo achezee. Wengi wanaosema "nimeongeza changu" wameongeza pale waliposhindwa noti.

#33 Daladala_ya_Mwisho
Bi Solfa hana huruma. Toleo gani basi, 1957 au 1968?

#34 Bi Solfa
1968, kwa sababu ya picha. Na anza na kurasa mbili za mwisho kwa mwendo wa 80, ukiwa bado hujachoka.

#35 Waya_na_Nyundo
60.